Nitajifunzaje kuliona onyesho la filamu kabla ya siku ya kurekodi?

Mwalimu_wa_Tamthilia, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili na fasihi katika shule ya upili hapa Kisumu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandaa wanafunzi kwa mashindano ya drama ya kitaifa. Jukwaani najua pa kuanzia, kwa maana hadhira imeketi upande mmoja na kazi yangu ni kupanga miili na sauti ili aliyeketi nyuma kabisa aelewe. Sasa kikundi chetu cha waigizaji watu wazima, ambacho hukutana wikendi, kimeamua kutengeneza filamu fupi, na mimi ndiye niliyekabidhiwa uongozaji.

Siulizi kamera ipi ni bora. Ninachotaka kujua ni jinsi mwongozaji anavyojizoeza kuliona onyesho akilini, shoti kwa shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa baada ya kingine, kabla hajasimama mbele ya watu wanaomsubiri atoe maagizo, na jinsi anavyoliweka kwenye karatasi likaeleweka na mpigapicha pamoja na waigizaji.

Onyesho linalonikosesha usingizi ni hili. Mama muuza samaki anaishi Nyalenda. Jioni ameketi karibu na mlango akiparua magamba ya ngege kabla ya kwenda kukaanga. Mwanawe wa kwanza anaingia kutoka ufuoni Dunga na kuweka bahasha ya pesa mezani. Binti yake, ambaye yuko kitandani akifanya hesabu za shule, anajua tayari kwamba kaka yake ameiuza mashua ya marehemu baba yao. Mama hajui. Kufikia mwisho wa onyesho mama awe ameelewa, bila ya mtu yeyote kulitamka neno mashua. Skripti ya onyesho hili ina kurasa tatu.

Nyumba tuliyopewa ina chumba kimoja cha mita 3 kwa mita 3, paa ni la mabati, mlango unatazama mashariki na kuna dirisha dogo upande wa kaskazini. Tuna kamera moja ya kuazima, lenzi ya milimita 35 na nyingine ya 50, taa mbili ndogo na kinasa sauti. Mwenye nyumba ametukubalia Jumamosi moja tu.

Nikifumba macho ninaliona onyesho zima kama mtu aliyeketi safu ya tatu ukumbini: wahusika wote watatu, kuanzia kichwani hadi miguuni, wakinitazama. Kuchora sijui. Wapo walionishauri nichore kila shoti, na wapo wanaosema kwamba kupanga kupita kiasi kunawakausha waigizaji. Naomba mnielekeze nianzie wapi.


Mpigapicha_Nakuru

Mwalimu, hongera kwa kuuliza wakati ungali na nafasi ya kupanga. Mimi hushika kamera kwenye harusi, matangazo na filamu fupi hapa Nakuru, kwa hivyo nitakujibu nikiwa upande wa yule anayefika asubuhi na kuuliza kamera ikae wapi.

Kabla ya kuchora chochote, nenda kwenye nyumba hiyo. Ifike saa mbili asubuhi, urudi adhuhuri, kisha urudi tena saa kumi na moja jioni, na kila mara uketi mahali ambapo mama ataketi. Beba tepu ya kupimia na daftari la hesabu lenye miraba, lile lile ambalo wanafunzi wako wanalitumia. Ukiufanya kila mraba uwe sentimita 25, chumba chako kitakuwa miraba 12 kila upande, nawe utaweza kuchora kitanda, meza, mlango na dirisha kwa vipimo vyake halisi, kana kwamba paa limeondolewa na unatazama kutoka juu. Kila mhusika mchore kama duara lenye pua ndogo inayoonyesha anakotazama. Kamera iwe alama ya V inayofunguka kuelekea kinachopigwa. Mchoro huo hauhitaji usanii wowote, na kwangu mimi una faida kuliko picha kumi nzuri za penseli, kwa sababu unanionyesha kama kamera na stendi yake vitaenea pale unapotaka viwe.

Kuenea huko ndiko kutakakokuamulia mengi. Kamera nyingi za bei ya kadiri zina kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, chenye upana wa milimita 23.5 hivi. Ikiwa yenu ni ya aina hiyo, lenzi ya 50 ikiwa mita 2.5 kutoka kwa mwigizaji itaona upana usiofika mita 1.2, na kwa kimo itamchukua kutoka kichwani hadi karibu na kiuno. Lenzi ya 35 kutoka umbali huo huo itaona upana wa karibu mita 1.7. Maana yake ni kwamba ile picha unayoiona akilini, ya watu watatu wazima wazima, haiwezi kupigwa ukiwa ndani ya chumba hicho hata ukijibana ukutani. Itapigwa kutoka nje, kamera ikiwa mita 2 mbele ya mlango, na miimo ya mlango itaonekana pande zote mbili ikimfungia mama ndani. Nadhani hiyo itakuwa picha nzuri kuliko uliyokuwa nayo, lakini ni lazima uijue leo ili uhakikishe kwamba hapo nje hakuna kamba ya nguo wala pikipiki ya jirani.

Sasa mwangaza, na hapa naomba univumilie kwa sababu ndipo siku moja hupotelea. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu, na mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Likishazama, mwanga wa kutosha kamera hubaki kwa dakika kama 20 tu. Kurasa tatu za mazungumzo haziwezi kurekodiwa katika muda huo. Zaidi ya hayo, mlango wako unatazama mashariki, na anga ya mashariki ndiyo inayotangulia kuwa nyeusi. Kwa hivyo jioni halisi itakupa shoti moja, ile ya mwana akitokea mlangoni na anga nyuma yake, na shoti hiyo muwe mmeifanyia mazoezi ya kutosha kabla ya jua kuzama. Sehemu iliyobaki ni jioni ya kutengeneza.

Asubuhi jua litaingia moja kwa moja kupitia mlangoni na kuchora mstari mkali sakafuni, jambo ambalo halifanani na jioni hata kidogo. Tundika shuka nene nje ya mlango, hatua chache kutoka kizingitini, ili mwanga uwe laini. Alasiri mlango utakuwa kivulini na mwanga utakuwa mzuri wenyewe. Ungetamani basi kurekodi kila kitu alasiri, lakini Kisumu unaijua kuliko mimi: upepo wa ziwani husukuma unyevu kuelekea vilima vya Nandi, mawingu hujenga, na mvua ya alasiri ikianza kupiga juu ya mabati hakuna kinasa sauti kitakachosikia mtu. Mazungumzo yarekodiwe asubuhi chini ya shuka. Shoti zisizo na maneno, kama mikono, bahasha na uso wa anayesikiliza, ziachwe za alasiri, kwa sababu hizo hata mvua ikinyesha zitapatikana.

Jambo dogo la mwisho: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo rekodini fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo balbu ya ndani inaweza kuonekana ikipepesa. Na kibali cha kurekodi filamu kutoka Bodi ya Uainishaji Filamu kishughulikiwe mapema. Kama mtapiga shoti yoyote kule Dunga, zungumzeni kwanza na kamati ya usimamizi wa ufuo, maana wavuvi wana kazi zao na si haki kuwavamia na kamera.


Mhariri_Kakamega

Nakubaliana na ndugu wa Nakuru kuhusu mchoro wa kutoka juu, ila mimi ningeanza hatua moja nyuma yake, kwenye skripti. Mimi ni mhariri. Kazi yangu huanza pale ambapo kila mtu amerudi nyumbani, na ninachokikosa mara nyingi ni shoti ambayo hakuna aliyejua kwamba ingehitajika.

Chukua zile kurasa tatu na penseli. Piga mstari kila mahali ambapo mtu anajua jambo ambalo sekunde moja iliyopita hakulijua. Kwa muhtasari uliotupa, ninaona mistari mitatu au minne: binti anapotambua hatua za kaka yake nje, bahasha inapotua mezani, mama anapoanza kujiuliza pesa hizi zimetoka wapi, na mama anapoelewa. Kati ya mstari na mstari, andika sentensi moja inayojibu haya: mtazamaji anamwangalia nani, na kwa nini awe karibu naye au mbali naye. Sentensi hizo ndizo mpango wako. Mengine yote, yawe michoro au orodha ya shoti, ni njia za kuwafikishia wenzako sentensi hizo.

Kwa mtu aliyetoka jukwaani, hili la karibu na mbali ndilo zoezi kubwa. Jukwaani umbali wa mtazamaji haubadiliki tangu pazia lifunguliwe. Kwenye filamu ni wewe unayeubadilisha, na kila unapomleta karibu unamwambia kwamba hapa pana jambo. Ukiuonyesha uso wa mama kwa karibu tangu mwanzo wa onyesho, anapokuja kuelewa hutakuwa na mahali pengine pa kumsogeza mtazamaji. Mimi ningemweka mama mbali kidogo kwa muda mrefu, na ningeipa ile kazi ya karibu mikono yake: kisu kinakwaruza, magamba yanarukia ukingoni mwa karai, mengine yamenata kwenye kifundo cha mkono, halafu mkwaruzo unakoma. Mtazamaji atausikia ukimya huo kabla hajauona uso. Mikono hiyo hiyo yenye magamba haiwezi kuishika bahasha, na hilo umeliandika bila shaka kwa makusudi, kwa hivyo lionyeshe.

Kuhusu kutojua kuchora, lisikusumbue hata kidogo. Chora mistatili midogo na watu wa vijiti ndani yake. Ikikushinda kabisa, piga picha kwa simu. Waweke jamaa zako watatu katika nafasi za wahusika na upige picha moja kwa kila shoti uliyoikusudia. Tahadhari moja tu: kamera kuu ya simu huona eneo pana sana. Ikiwa kamera mliyoazima ina kihisi kidogo kama alivyoeleza ndugu yangu, basi uivute karibu picha ya simu (zumu) mara mbili hivi ndipo ifanane na lenzi yako ya 35, na mara tatu hivi ndipo ifanane na ile ya 50. Usipofanya hivyo utapanga picha ambazo lenzi zako haziwezi kuzitoa.

Baada ya hapo rekodi mazungumzo kwa sauti, hata kama ni wewe unayesoma nafasi zote tatu, uzitie picha zile juu ya sauti hiyo katika programu yoyote ya kuhariri video kwenye simu. Utakuwa na filamu ya picha tuli ya dakika tatu hivi, kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti uliopangwa kitaalamu huchukua kama dakika moja. Itazame, kisha uizime sauti na uitazame tena. Ikiwa mtu asiyejua hadithi anatambua bila sauti kwamba kuna siri chumbani na kwamba mmoja hajaijua, shoti zako zimeanza kufanya kazi. Pale unapochoka kutazama, pana shoti iliyozidi au iliyokosekana.

Uliuliza pia jinsi ya kulizoeza jicho. Chagua onyesho moja fupi la filamu unayoipenda, lizime sauti, na kila picha inapobadilika usimamishe na kuichora katika mstatili mdogo, ukiandika imekaa sekunde ngapi. Ukimaliza, chora chumba chao kutoka juu na uweke kila V pale kamera iliposimama. Hakuna mafunzo ninayoyaamini kuliko haya, kwa sababu utaanza kuona sababu za mtu mwingine. Halafu nenda Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa, usimame karibu na muuzaji na mnunuzi wanaovutana bei, na ujiulize ungeiweka kamera wapi ikiwa hadithi ni ya muuzaji, na wapi ikiwa ni ya mnunuzi.

Kwa wanaodhani mipango hii ni ya matajiri, nitamtaja Satyajit Ray wa India. Kabla ya filamu alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta. Filamu yake ya kwanza, iliyotoka 1955, aliipanga kwa maelezo mafupi na michoro badala ya skripti kamili, na michoro hiyo ndiyo aliyokuwa akiwaonyesha watayarishaji alipokuwa akitafuta fedha. Mpigapicha wake alikuwa kijana ambaye hajawahi kupiga filamu, na wengi kikosini walikuwa wapya vile vile. Pesa ziliwaishia njiani na kazi ikasimama kwa miezi. Naamini kwamba kundi lililo changa namna hiyo linahitaji picha ya kushikilia kuliko kundi la wazoefu, ambao wangeweza kubahatisha na wakafaulu.


Mzee_wa_Jukwaa, Busia

Mwalimu, wenzangu wamesema mengi ya manufaa, lakini nina wasiwasi na mpangilio wao. Nimewaongoza waigizaji wa jukwaani tangu ujana wangu na baadaye nikashiriki katika filamu kadhaa, na ninasisitiza kwamba waigizaji watangulie picha. Ukiwapiga picha jamaa zako na kuzipenda picha hizo, siku ya Jumamosi utawalazimisha waigizaji wasimame pale walipokuwa wamesimama jamaa zako, na hiyo ndiyo namna ya kuwakausha uliyoonywa nayo.

Chora chumba hicho kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, mita 3 kwa mita 3 kamili, uweke dawati mahali pa kitanda na kiti mahali pa mlango. Waambie waigizaji kila mmoja anataka nini kutoka kwa mwenzake, kisha uwaache walipitie onyesho bila ya kuwaambia waende wapi. Waigizaji wetu wamezoea kuifungulia hadhira mwili, hata wakizungumza na mtu aliye nyuma yao hugeukia mbele. Watakapokuwa ndani ya mraba huo bila hadhira, tabia hiyo itaanza kuwatoka, na sauti nayo itashuka, maana mama hampigii mwanawe kelele katika chumba ambacho mtu akinyoosha mkono anagusa ukuta.

Wakati huo wewe usiketi. Zunguka. Lipitie onyesho zima ukiwa umechuchumaa mahali pa kitanda, ulipitie tena ukiwa mlangoni, na tena ukiwa nyuma ya bega la mwana. Utaona kwamba kuna mahali ambapo uso fulani unakufikia bila kujitahidi, na mahali ambapo unauona mgongo tu, na mgongo huo pengine ndio wenye habari. Hapo ndipo utoe daftari la miraba. Mwongozaji wa Japani, Akira Kurosawa, alikuwa amesomea uchoraji kabla ya kuingia katika filamu, na alipozeeka alizichora filamu zake kwa rangi kabla ya kuzipiga, lakini huyo huyo alisifika kwa kuwapa waigizaji mazoezi marefu. Wanaomtaja kwa michoro yake mara nyingi husahau mazoezi hayo.

Usiipange siku nzima hadi dakika ya mwisho. Kila unapohamisha kamera, kupanga taa na kurudia mara kadhaa, nusu saa imekwisha. Katika saa nane za kazi, ukitoa chakula, huna zaidi ya nafasi kumi na nne au kumi na tano za kamera. Panga kumi, na uzipange kwa umuhimu, ili muda ukibana ujue ya kuacha bila kubishana mbele ya watu.


Mwalimu_wa_Tamthilia

Nawashukuru sana, na wewe mzee wangu umenigusa. Tulichora chumba kwa chaki darasani kama ulivyosema, na jambo moja likatokea ambalo lazima niwaeleze. Katika skripti nilikuwa nimeandika kwamba mama anaiona bahasha na kuacha kuparua. Mwigizaji wetu, ambaye ni muuza samaki kweli, hakuacha. Aliongeza kasi, akammaliza samaki yule, akamchukua mwingine, ndipo akaweka kisu chini na kuanza kunawa mikono polepole bila ya kumwangalia yeyote. Nilipomuuliza, alisema kwamba samaki aliyeanza kuparuliwa haachwi katikati. Nimebadilisha skripti.

Mchoro wa kutoka juu nimeuchora pia, na umenipa tatizo jipya. Mama yuko karibu na mlango, mwana yuko mezani, na binti yuko kitandani upande mmoja wa chumba. Nimesoma kuhusu ule mstari usioonekana kati ya wahusika wawili, ambao kamera haipaswi kuuvuka ili wasije wakaonekana wote wanatazama upande mmoja. Kwa watu wawili ninauelewa. Akiingia wa tatu ninapotea, kwa sababu binti anamtazama mama, kisha anamtazama kaka yake, na mstari unahama kila mara. Jambo la pili ni zito zaidi kwangu: kila ninapojaribu kuijibu ile sentensi ya Mhariri kuhusu tunamwangalia nani, ninajikuta ninaandika jina la binti, ilhali karibu mazungumzo yote ni ya mama na mwana.


Mhariri_Kakamega

Nafurahi kwamba mwigizaji wako amenisahihisha, kwa kuwa mkwaruzo unaoongeza kasi una nguvu kuliko ule unaokoma, na ukimya utakaofuata wakati wa kunawa utakuwa mzito maradufu. Mzee alikuwa na haki kuhusu mpangilio; zile picha za simu zipige na waigizaji wenyewe, hapo hapo ndani ya chaki.

Kuhusu binti, mkono wako umekwisha kukujibu. Onyesho hili ni lake. Alfred Hitchcock alikuwa akieleza mara kwa mara tofauti ya kumshtua mtazamaji na kumtia wasiwasi: ukimficha habari hadi mwisho utamshtua kwa sekunde chache, lakini ukimpa habari ambayo mhusika hana, atahangaika kwa dakika zote. Kwako anayebeba habari hiyo chumbani ni binti. Ikiwa mtazamaji ameijua habari ya mashua kabla ya onyesho hili, hata kwa shoti moja fupi ya Dunga ambapo mtu mwingine anaisukuma mashua hiyo majini binti akitazama, basi kila neno la kawaida kati ya mama na mwana, kama vile habari za kutwa na bei ya mafuta, litasikika kupitia masikio ya binti. Shusha kamera hadi kimo cha macho ya mtu aliyeketi kitandani, mita moja au zaidi kidogo, na shoti nyingi za mama na mwana zipigwe kutoka hapo. Tutaiona mikono ya mama kama binti anavyoiona. Uso wa mama kwa karibu uuweke kwa shoti moja tu, anaponyanyua macho kutoka kwenye maji na kumtazama bintiye badala ya mwanawe, kwa sababu wakati huo ndipo anapong'amua kwamba hata huyu mdogo alijua.


Mpigapicha_Nakuru

Ukilichukua pendekezo hilo, tatizo la mstari linakwisha lenyewe. Mstari wako mkuu ni ule wa kutoka kwa mama hadi kwa mwana. Kamera ibaki upande wa kitanda kwa shoti zao zote. Kama ukiwa kitandani unamwona mama kushoto na mwana kulia, basi kwenye skrini mama atakuwa anatazama kulia na mwana kushoto, nao wataonekana wanatazamana. Shoti ya binti nayo ipigwe kutoka katikati yao, kamera ikiwa imekanyaga ule mstari na kuelekea kitandani. Akimtazama mama, macho yake yataenda kulia kwa skrini. Akimtazama kaka, yataenda kushoto. Andika mishale hiyo miwili kwenye mchoro wako, maana saa tisa alasiri, watu wakiwa wamechoka, hakuna atakayeikumbuka.

Hilo linabadilisha pia orodha ya siku. Anzeni asubuhi na mazungumzo kutoka upande wa kitanda, kwa lenzi ya 35, onyesho zima bila kukata, kisha kwa 50 mkirudia sehemu za mama na za mwana. Kabla ya kuhamisha kamera, rekodini sauti peke yake ya kisu na magamba, na ya maji kwenye karai, mabati yakiwa bado makavu. Alasiri iwe ya binti anayesikiliza, mikono na bahasha. Uso wa mama akinyanyua macho ufanyeni mara tu baada ya chakula, kabla hajachoka, wala usiuache uwe wa mwisho. Samaki wanunuliwe wa kutosha, kwa sababu kila marudio yanataka ngege mwenye magamba, nao watunzwe kwenye barafu hadi zamu yao ifike. Na ikiwa mawingu yatafunga jioni na muda ukawa haupo, shoti ya kuacha ni ile ya mwana akitokea mlangoni: kwa kuwa tuko na binti, hatua za kaka yake nje na uso wake akiinua kichwa kutoka kwenye daftari vinatosha kutuambia nani amefika.